Magiza Matatu ya Kikohozi: Uchambuzi wa Kisa cha Mvuvi wa Dagaa

Aliyeletwa kutibiwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mama yake, mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba anayeishi kwenye chumba cha kupanga Igogo, jijini Mwanza, alikuwa ameshika kadi ya kliniki iliyoonyesha kwamba uzito wa mtoto haukuwa umesogea kwa miezi miwili, na mwezi wa tatu ulikuwa umeshuka. Baba naye alikuja kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa mbalamwezi. Kwa asiyezijua shughuli za ziwa inafaa nieleze: dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na taa hiyo hupoteza nguvu yake mwezi unapowaka, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzishwa mwaloni, yaani ufukweni inakotua, nyavu hushonwa, na wavuvi wenye familia mjini huvuka kuja nyumbani; siku zisizo na mwezi, ambazo ndizo za kuvua, wavuvi huziita giza. Huyu alikuwa amevuka juzi yake akitokea kambi moja katika visiwa vya Ukerewe. Alikaa kwenye benchi akiwa amempakata mtoto, na kabla zamu yao haijafika alikuwa amekohoa mara nne, kila mara akigeuza uso pembeni kwa adabu.

Nimebadilisha baadhi ya mambo ili familia hii isitambulike, lakini mpangilio wa matukio nimeuacha ulivyokuwa, kwa kuwa kisa chenyewe kimo katika mpangilio huo.

Alipoinuka kumlaza mtoto kitandani, shati lake lilipanda nikauona mkanda. Tundu la mwisho la kiwandani lilikuwa limeshapitwa, na baada yake palikuwa na matundu mawili mengine yaliyotobolewa kwa msumari wa moto, kingo zake zikiwa zimeungua na kukunjamana. Tundu moja lilikuwa limeanza kuchakaa. La pili lilikuwa jipya kabisa, na ncha ya mkanda ilining'inia karibu na mfuko wa suruali. Kambini hakuna mizani ya kupimia watu, iliyopo ni ya dagaa, lakini mtu huyu alikuwa amejipima mwenyewe mara mbili bila kujua.

"Baba, hicho kikohozi kimeanza lini?" nilimuuliza.

"Siku chache tu, dokta. Baridi ya ziwani."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa naliandika kama lilivyo. Safari hii nilimuuliza kwa namna nyingine, namna niliyofundishwa na mtoa huduma wa ngazi ya jamii ambaye naye alikuwa mvuvi kabla hajaumia mkono: kilianza giza hili, au giza lililopita? Akanyamaza, akamtazama mkewe. Mke ndiye aliyejibu. "Baba watoto, si ulianza giza lile taa yenu ilipotumbukia majini? Ulikuja nacho nyumbani, nikakuchemshia tangawizi." Mume akahesabu kwa vidole. Giza la taa lilikuwa la kwanza, likafuata giza la upepo mwingi, halafu hili lililoisha juzi. Mwezi mwandamo mmoja una siku 29 na nusu. Magiza matatu pamoja na mbalamwezi tuliyokuwa nayo yalitupeleka kwenye wiki kumi na ushee.

Mwongozo wa nchi unasema kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kumfanya mtu achunguzwe kifua kikuu, na kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi hata kikohozi cha siku moja kinatosha. Huyu alikuwa ameupita muda huo zaidi ya mara tano.

Kikohozi kilipitia mikono ya nani

Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, na masimulizi yake yalichukua karibu saa nzima, jambo ambalo foleni iliyokuwa nje haikulifurahia.

Katika giza la kwanza alinunua dawa ya maji ya kifua na vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa la kambini. Muuzaji alimuuliza kama ana homa, akajibu kwamba hana, na kwa siku hiyo hilo lilikuwa kweli. Mbalamwezi ilipofika alivuka kuja mjini, akaenda zahanati moja kwa sababu sasa alikuwa anatokwa na jasho usiku hadi shuka linalowa. Alipimwa malaria ikakosekana, akaambiwa ana maambukizi kwenye mkojo, akaandikiwa dawa. Katika giza la pili, akiwa kambini, muuzaji wa duka jingine alimpa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Safari hiyo alipata nafuu ya wazi kwa siku saba hivi, akaamini amepona. Katika mbalamwezi iliyofuata ndugu zake walimpeleka kwa mganga wa kienyeji, kwa kuwa wenzake wote walikuwa wanalala kwenye baridi ileile na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakonda. Alichanjwa chale kifuani. Katika giza la tatu aliona michirizi ya damu kwenye makohozi mara mbili, akaifukia kwenye mchanga bila kumwambia mtu, kwa sababu mtu anayekohoa damu hapewi nafasi mtumbwini.

Ni rahisi kusoma orodha hiyo na kumtafuta mwenye kosa, na sitaki kujifanya kwamba makosa hayakuwepo. Zahanati ilisikia habari ya jasho la usiku na haikuuliza habari ya kikohozi. Siprofloksasini iko katika kundi la dawa zinazoweza kuwadhoofisha vimelea vya kifua kikuu bila kuwamaliza, hivyo mgonjwa hupata ahueni ya muda na ugunduzi wa ugonjwa hucheleweshwa. Dawa ya aina hiyo haikupaswa kutolewa dukani kwa mtu anayekohoa bila kipimo. Lakini nikiangalia kisa kizima naona jambo ambalo kosa la mtu mmoja halilielezi. Kila aliyemhudumia alimwona mara moja tu, na kila mmoja aliona kikohozi cha siku chache. Muuzaji wa kwanza aliona wiki ya kwanza. Zahanati iliona kipande chake, muuzaji wa pili chake, mganga wa kienyeji chake. Wiki kumi zilikuwepo zote, ila zilikuwa zimegawanywa kwa watu wanne, na hakuna aliyezijumlisha. Mgonjwa mwenyewe pia hakuzijumlisha, kwa sababu kwake kila giza ni safari mpya yenye baridi yake, na kikohozi cha safari hii hakihesabiwi pamoja na cha safari iliyopita.

Jambo hili linanisumbua kwa namna ya pekee, kwa kuwa nchi yetu ilijulikana duniani katika mapambano ya kifua kikuu kwa sababu ya kuhesabu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Chekoslovakia, alifanya kazi hapa kujenga utaratibu ambao kila mgonjwa anaandikwa kwenye rejista, matokeo yake yanafuatiliwa, na kila robo mwaka wilaya inatoa hesabu ya waliopona, waliokufa na waliopotea. Utaratibu huo ndio Shirika la Afya Duniani lililouchukua katika miaka ya 1990 na kuueneza kwa nchi nyingine. Tunahesabu vizuri sana tangu siku mgonjwa anapoandikwa kwenye kitabu. Siku za nyuma yake hazina rejista.

Kopo la makohozi

Kipimo chenyewe hakikuwa na utata, ila hatua moja hufanywa ovyo mahali pengi. Mgonjwa akipewa kopo na kuambiwa tu "tema humu", atatema mate, na mate hayatoi jibu. Nilimpeleka nje nyuma ya jengo, mahali penye upepo na pasipo na watu, akasukutua kinywa kwa maji, akavuta pumzi ndefu mara tatu, kisha akakohoa kutoka chini ya kifua. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha manjano iliyofifia, kiasi cha kijiko cha chai. Hicho ndicho maabara inachokitaka. Kipimo cha GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na jibu huwa na sehemu mbili: kama vimelea vya kifua kikuu vipo, na kama vina usugu dhidi ya rifampisini, dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu. Vimelea vilikuwepo. Usugu haukuonekana. Alipimwa pia virusi vya Ukimwi, kama anavyopimwa kila mgonjwa wa kifua kikuu, na majibu hayo ni yake; nitayaacha kwake.

Baada ya hapo kesi ya mtoto ilibadilika sura. Mtoto mdogo hutoa makohozi kwa shida kwa sababu huyameza, na ndiyo maana siku hizi hata choo chake kinaweza kupimwa. Mara nyingi, hata hivyo, daktari huamua kwa kuunganisha dalili, picha ya kifua na historia ya kuishi na mgonjwa. Hospitali ya rufaa tuliyomwelekeza iliamua kwamba ana kifua kikuu, akaanzishiwa vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha ya matunda. Mama aliuliza swali la haki kabisa, huku akionyesha kovu begani mwa mwanawe: "Mbona alichanjwa?" Chanjo ya BCG anayopewa mtoto mchanga inamkinga zaidi na aina kali za ugonjwa, kama ule unaoingia kwenye utando wa ubongo au kusambaa mwili mzima. Haiwezi kuzuia kila maambukizi ya mapafu, hasa pale mtoto anapolala chumba kimoja na mtu anayekohoa vimelea. Kama mtoto angekutwa mzima, angepewa dawa za kinga badala ya matibabu, kwa kuwa walio chini ya miaka mitano huugua upesi baada ya kuambukizwa. Laiti baba angegunduliwa katika giza la kwanza, huenda hapo ndipo tungekuwa.

Mama mwenyewe na mtoto mkubwa hawakuwa na dalili yoyote. Tatizo la mama lilikuwa sokoni, ambako habari zilifika kabla hatujamaliza wiki, na wateja wawili wakaanza kununua dagaa kwa jirani yake. Nilikwenda Mwaloni siku moja asubuhi, nikasimama kwenye kibanda chake, nikanunua sado moja mbele ya watu. Vimelea hivi husafiri hewani, kwa kukohoa, kupiga chafya, hata kuimba. Havipiti kwenye dagaa, wala kwenye sahani, wala kwa kupeana mikono. Kusema hivyo kwa mdomo kungechukua muda mrefu zaidi.

Banda lililofungwa mchana

Ufuatiliaji wa kambini tuliufanya vibaya mara ya kwanza. Wenzangu wawili walipanda meli hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, wakachukua mtumbwi wa injini, wakafika saa nne asubuhi wakati wa giza, wakakuta kambi nzima imelala. Mvuvi wa dagaa anarudi alfajiri, anaanika au kuuza, kisha analala, na ukimwamsha saa nne ili umuulize kama anakohoa, atakujibu kwamba hakohoi ili uondoke. Waliambiwa warudi mwezi ukitoka. Tulirudi katika siku za mwisho za mbalamwezi, wavuvi wanapoanza kurejea kutoka mijini na kukaa chini ya miti kushona nyavu, na hapo mikono ilikuwa na kazi lakini midomo ilikuwa na nafasi.

Mgonjwa wetu alikuwa akilala katika banda la mabati pamoja na wanaume wengine watano kutoka mitumbwi miwili. Niliingia mchana na nikabaki humo dakika chache kwa makusudi. Mlango ulikuwa mmoja. Dirisha lilikuwa moja, limefungwa kwa ubao, na pengo la chini ya paa, ambalo fundi alikuwa ameliacha, lilikuwa limezibwa kwa magunia na vipande vya turubai. Nilidhani ni kwa ajili ya baridi au wezi. "Ni mwanga," kijana mmoja akaniambia. Wanaolala mchana wanahitaji giza, kwa hiyo walikuwa wamelitengeneza giza lao wenyewe, na hewa waliyoitoa mapafuni saa mbili asubuhi ndiyo waliyokuwa wakiivuta saa saba mchana.

Wenzake watatu wa mtumbwi mmoja, ambao hukaa naye bega kwa bega usiku kucha wakivuta wavu, hawakuwa na dalili, na makohozi ya mmoja wao aliyekuwa na mafua yalitoka safi. Aliyekutwa na ugonjwa alikuwa kijana wa mtumbwi wa pili, ambaye hakuwahi kuvua naye hata usiku mmoja, ila mkeka wake ulitandikwa karibu na mkeka wa mgonjwa. Kijana huyo alikuwa anakohoa kwa giza moja na nusu, na alikuwa anasema ni moshi. Kisa kimoja hakithibitishi kanuni, lakini hiki kinakubaliana na kinachojulikana: ziwani upepo hutawanya vimelea na kuvipunguza, ilhali katika chumba kilichozibwa vinaelea kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu kati ya 5 na 15 kwa mwaka kwa kukaa nao karibu. Sio wote watakaougua. Wengi watabaki na vimelea vilivyolala, na kati ya watu 100 wa namna hiyo ni 5 hadi 10 watakaougua katika maisha yao. Idadi hiyo huongezeka mwili unapodhoofika.

Ushauri wa kawaida wa kufungua madirisha ungekuwa dhihaka kwa watu hawa. Tulikaa na tajiri wa mitumbwi, ambaye mwanzoni alikataa kata kata kwa hofu ya wezi wa mashine, kisha akakubali jambo dogo: magunia yaondolewe kwenye pengo la chini ya paa upande wa kaskazini na wa kusini, ambako jua haliingii moja kwa moja, na pengo lifunikwe kwa wavu chakavu wa dagaa. Wavu si kwa ajili ya mbu, maana mbu anapita humo bila kuinama, bali kwa ajili ya paka na mikono ya watu. Kwa mbu kuna vyandarua. Banda lilibaki na kiza cha kutosha kulala, na ukiinua kiganja karibu na pengo ulihisi upepo.

Dawa na ratiba ya ziwa

Matibabu ya kifua kikuu kisicho sugu kwa mtu mzima ni miezi sita: miwili ya dawa nne kwa pamoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Hutolewa bure. Idadi ya vidonge hupangwa kwa uzito, na kwa sababu hiyo mgonjwa anayenenepa lazima apimwe tena. Nilimwonya mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, kwa kuwa nimewahi kumpoteza mgonjwa aliyedhani anakojoa damu akaacha dawa siku ya tatu. Nilimwambia pia aje haraka akiona macho yamekuwa ya manjano, au uwezo wa kuona unafifia. Wiki mbili za kwanza alikaa Igogo, akilala peke yake upande wenye dirisha, kwa kuwa katika muda huo, dawa zikimezwa sawasawa, uwezo wa kuambukiza hushuka sana.

Mwezi wa pili alirudi ziwani, na hilo nililiunga mkono kinyume cha ushauri wa mwenzangu mmoja. Mvuvi asiyevua halishi watoto, na mgonjwa mwenye njaa haachi kufikiria mtumbwi. Tulikubaliana dawa zimezwe mtumbwi ukishatua alfajiri, kabla ya uji, mbele ya mpishi wa kambi ambaye alichaguliwa na mgonjwa mwenyewe kuwa msimamizi wake. Nilimpa fomu ya uhamisho kabla hajaiomba, ikiwa na namba ya simu ya kliniki yetu, kwa sababu dagaa wakihama kambi inahama, na mtu hapati nafasi ya kurudi mjini kuaga.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yalipimwa tena, safari hii kwa darubini, maana GeneXpert inaweza kuendelea kuona mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Hayakuwa na vimelea. Alikuwa ameongeza kilo nne, na kijana wa mkeka wa jirani alikuwa ameanza dawa zake na analalamika kwa njaa, malalamiko ambayo huwa nayafurahia.

Jambo moja la kazi limebadilika kwetu. Kwenye benchi la wanaosubiri, mtoa huduma wa jamii haulizi tena wavuvi na wake zao kuhusu wiki. Anauliza kama kikohozi kilichoanza gizani kimewakuta kwenye mbalamwezi. Kutoka katikati ya giza hadi mwezi mpevu ni wiki mbili, bila kalenda wala hesabu ya vidole, na anayejibu ndiyo hupewa kopo hapohapo. Wauzaji wawili wa dawa kule kambini wamekubali kuuliza hivyo kabla ya kuuza dawa ya kifua. Wa tatu alisema hana muda.

Mwezi wa nne kambi ilihama, kama tulivyotarajia. Nilimpigia simu nikamkuta amekwisha kuikabidhi fomu yake kwenye zahanati ya kisiwa kipya, na dawa anazo. Nikamuuliza kuhusu banda. Akasema hilo la huku limezibwa pande zote kwa turubai. Amemwambia tajiri, na tajiri amesema watalizungumza mbalamwezi ikifika.